Kufuli kwa Jina la Bosire

Mwanamume akija nyumbani na kilo tatu za nyama siku ya Jumanne, mke mwenye akili haulizi ni kilo ngapi, anauliza kumetokea nini. Tecla aliipokea ile nyama, akaipima kwa mkono, akamtazama mumewe kuanzia viatu mpaka tai. Gibson hakuwa mtu wa nyama ya Jumanne. Alikuwa mtu wa maharagwe na maelezo marefu.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na tisa, na Oktoba ndio mwezi ambao kijiji chote cha Roret hutembea kikichekacheka, kwa sababu kiwanda kimelipa bonasi ya majani chai. Bonasi ya nyumba ile iliingia benki kwa jina la Gibson, kwa kuwa nambari ya majani, ile ya mkulima kiwandani, ilikuwa ya Gibson. Miguu iliyolowa umande kila alfajiri ilikuwa ya Tecla, lakini kiwanda hakiandiki miguu. Mbolea ilipokwisha kukatwa, zilibaki shilingi elfu sabini na nne na mia tatu, na katika hizo elfu arobaini zilikuwa na mwenyewe. Dorine, kifungua mimba wao, alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi upande wa Nakuru. Barua ilisema aripoti Jumatatu tarehe nane Novemba na karo yote mkononi, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Tecla hakuwa msomaji sana, lakini barua hiyo aliijua kwa moyo, hata mahali ilipokunjwa.

"Baba Dorine, pesa ziko?" aliuliza.

"Pesa zinafanya kazi," Gibson alijibu, akalegeza tai.

Jamani, mtu akikwambia pesa zinafanya kazi, jua ameziachisha kazi kwako. Gibson alikuwa na ofisi ya kompyuta Kericho mjini, orofani, juu ya duka la viatu vya gamubuti, ambako alichapa barua za watu, alituma faksi, na tangu mwaka uliopita alikuwa amevuta intaneti kupitia laini ya simu iliyokatika kila mvua iliponyesha. Huko ndiko alikosikia habari ya vyeti. Alimweleza mkewe polepole, kama mwalimu wa nasari. Mzungu aliye Ujerumani akitaka kununua kinyago kwa kompyuta, ni lazima aandike nambari ya kadi yake ya benki, naye anaogopa wezi. Lakini akiona kufuli dogo pale chini ya skrini, roho inatulia. Nyuma ya kufuli hilo kuna cheti cha usalama kinachosema kwamba websaiti hii ni ya fulani, tumemchunguza, si tapeli. Vyeti hivyo vinatoka ng'ambo, vinauzwa kwa kampuni moja ya Nairobi, nayo inawauzia watu kama Gibson, nao wanawauzia wenye websaiti. Kila mkono unaongeza chake.

"Ukinunua kimoja ni elfu kumi na nne," Gibson alisema, macho yakimng'aa. "Ukichukua kumi, wanakupa kwa elfu saba saba. Holseli."

"Umechukua vingapi?"

"Kumi."

"Na hapa kwetu wenye hizo websaiti ni wangapi?"

Gibson alijikuna shingo. Kutoka Kericho mpaka Bomet alikuwa amehesabu nne, na moja kati ya hizo ilikuwa na ukurasa mmoja tu, ulioandikwa kwamba bado wanajenga, msubiri. Tena vile vyeti havikuwa karatasi. Alichonunua ni haki ya kuagiza vyeti kumi kabla ya mwaka kwisha, na tarehe thelathini na moja Desemba ikipita, haki inakufa na pesa zake.

Tecla aliketi kwenye kigoda. Alitaka kupiga kelele, ila nyama ilikuwa jikoni na watoto wawili wadogo walikuwa wanaisubiri. Akasema tu kwamba mtu akinunua sukari ya holseli ikose wateja, ataimaliza na chai. Hivi vyake ataviramba? Gibson akamwambia asiwe na imani haba, atauza kila kimoja kwa elfu kumi na sita, na karo ya Dorine itatoka kwenye faida ya vitano tu. Usiku huo walikula nyama, na Tecla akaona haina ladha kabisa.

* * *

Mgala muue na haki yake umpe: Gibson alihangaika. Mteja wa kwanza alikuwa Bosire, Mkisii mnene mwenye suti moja ya kahawia, aliyeuza vinyago vya mawe karibu na hoteli ya watalii na aliyekuwa na websaiti yenye picha za viboko na sahani. Gibson akamtajia elfu kumi na sita. Bosire akacheka mpaka akakohoa. Alitoa mfukoni faksi aliyotumiwa kutoka Nairobi, na faksi ilitoka kwa kampuni ile ile iliyomuuzia Gibson. Ilikuwa inamwomba Bosire anunue kwao moja kwa moja, kwa elfu kumi na moja na mia tano, ofa ya kufunga mwaka.

Basi ndivyo Gibson alivyojua kwamba aliyemuuzia kwa jumla alikuwa anamzunguka nyuma na kuwauzia wateja wake. Alishuka mpaka elfu kumi, na Bosire akalipa akilalamika. Karatasi za usajili wa biashara zikaenda ng'ambo kwa faksi. Baada ya siku sita wazungu wakapiga simu dukani kuhakikisha kwamba Bosire yupo kweli, mkewe Nyabate akawahakikishia kwa sauti iliyosikika hadi stendi, na kufuli likatokea. Zile elfu kumi zilifika mezani kwa Gibson asubuhi. Kufikia saa sita zilikuwa zimelipa bili ya simu na kodi ya miezi miwili, na mwenye nyumba hakusema hata asante.

Mteja wa pili alikuwa Pasta Mathew wa kanisa lao wenyewe. Kanisa lilikuwa linajenga paa, na kijana mmoja wa kwaya alikuwa amelitengenezea websaiti ili marafiki wa Amerika watume sadaka kwa kadi. Pasta alitaka kufuli sana. Shida zilikuwa mbili: kanisa lilikuwa na elfu nne tu, na karatasi zake za usajili alikuwa nazo pasta wa zamani, aliyehama na nusu ya waumini, ngoma zote na viti thelathini vya plastiki. Bila karatasi, wazungu hawatoi cheti.

Hapo ndipo Gibson alipofanya kosa ambalo mtu wa Nairobi asingelifanya, kwa sababu halimo katika damu yake. Huku kwetu mtu asiye na nambari ya majani halali njaa. Anapeleka kikapu chake kituoni kwa nambari ya jirani, karani anaandika, na mwisho wa mwezi jirani anamtolea chake. Hata mwenye nambari, mikopo ya mbolea ikimzidi, majani yake hulala kwa nambari ya shemeji. Kila mtu anajua, hakuna anayesema, na chai ikifika London hainywewi kwa jina la mtu. Gibson alilelewa hivyo. Akaona cheti cha Bosire kipo, kimelipiwa, hakijai. Kuna ubaya gani kanisa likapitisha sadaka zake humo? Akakinakili, akakiweka kwenye websaiti ya kanisa, akapokea elfu nne. Kompyuta ilileta onyo refu la Kiingereza likisema jina la cheti na jina la websaiti hayalingani, je, uendelee? Gibson akabonyeza ndiyo, vile karani wa kituo anavyofumba jicho, na kufuli likatokea. Bosire hakuambiwa. Mwenye nambari haambiwi kila kikapu.

* * *

Jumapili ya tarehe thelathini na moja Tecla alikwenda kanisani kumwomba Mungu elfu arobaini. Zilikuwa zimebaki siku nane. Aliketi na akina mama wa ushirika, mstari wa pili, kitambaa cheupe kichwani, na Pasta Mathew akapanda madhabahuni na karatasi mkononi.

Ilikuwa barua kutoka kwa mama mmoja wa Amerika, rafiki wa kanisa. Pasta aliisoma kwa Kiingereza, kisha akaitafsiri bila huruma. Mama huyo alikuwa ametaka kutoa dola hamsini za paa. Kompyuta yake ikamwonya kwamba mahali hapo panatumia jina la mtu mwingine na huenda ataibiwa. Akachungulia ni jina la nani, akakuta ni la mchonga vinyago vya mawe. Sasa anauliza, kwa upendo wa Kristo, ni lini kanisa la Roret lilianza kuchonga sanamu.

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Pasta hakumtaja Gibson. Alihubiri tu dakika arobaini juu ya ndama wa dhahabu, na kila alipofika kwa Haruni alimtazama Tecla, kana kwamba yeye ndiye aliyeyeyusha herini. Akina mama wa mstari wa pili wakasogea kidogo, mmoja mmoja, mpaka Tecla akabaki na benchi peke yake. Gibson siku hiyo alikuwa amesema anaumwa na kichwa. Tecla aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na aibu ilipopoa ikabaki hasira, nayo ilimsaidia kutembea hadi nyumbani bila kusalimia mtu.

Alimkuta Bosire sebuleni. Mama wa Amerika hakuishia kwa pasta. Alikuwa amewashtaki pia kwa kampuni ya ng'ambo, na kampuni ikakifuta cheti. Kufuli la Bosire lilikuwa limekufa, na oda mbili za Krismasi zimekatika. Tecla alimwekea chai. Bosire akaisukuma kando, kikombe kizima, haijaguswa. Katika nchi ya majani hayo ni zaidi ya tusi, na hata Gibson, aliyekuwa amejikunja kwenye kochi na kichwa chake kisichouma, alielewa.

"Mimi nilinunua jina langu," Bosire alisema. "Wewe ukalikodisha kwa kanisa kama baiskeli."

Gibson akaanza kueleza habari ya majani na nambari ya jirani. Tecla akamnyamazisha kwa jicho. Alimwomba Bosire msamaha, kwanza kwa jina la nyumba, kisha kwa jina lake mwenyewe. Akamwahidi kwamba kesho yake cheti kipya kitaagizwa, bure, katika vile vilivyobaki. Halafu, kwa kuwa mtu anayezama hachagui gogo, akamuuliza kama anamjua yeyote anayenunua vitu hivi, mtu mwenye wateja wenye karatasi. Bosire alifikiri. Alikuwa na mtoto wa kaka yake, Vinny, aliyewatengenezea websaiti watu wa kampuni za utalii Nairobi. Huyo alinunua vyeti kimoja kimoja kila mwezi, hana mtaji wa kuchukua kumi.

"Mwambie viko vinane," Tecla alisema. "Elfu tano tano, akija na pesa taslimu wiki hii."

Bosire akavuta kikombe, akanywa chai iliyokuwa imekwisha kupoa.

* * *

Jumanne Bosire alipiga simu posta ya Roret, na Tecla alikuwa pale tangu saa tatu akiisubiri. Jibu halikuwa zuri. Vinny alikuwa amecheka. Alisema cheti cha elfu tano ni cha wizi, au kimekufa, au vyote viwili. Wateja wake hawawezi kuamini kufuli lenye bei ya sufuria.

Tecla aliegemea ukuta wa posta. Aliwakumbuka mabroka wanaopita vijijini kununua majani kwa pesa mkononi: yule aliyebembeleza alifukuzwa kwa matusi, na yule aliyejivuna akiwa amesimama barabarani, asiyetaka hata kuingia bomani, ndiye aliyefuatwa. Watu hawakufuata bei wala kufuli, walifuata kutokuwa na wasiwasi, na kutokuwa na wasiwasi hakuuzwi rahisi.

"Basi mwambie nilikosea," alisema kwenye simu. "Ni elfu sita na mia tano, na hatupunguzi hata thumuni. Kama hataki, kuna mtu wa Kisumu."

Mtu wa Kisumu hakuwepo. Mungu amsamehe, na kwa vile Jumapili alikuwa ametazamwa dakika arobaini kama mwabudu sanamu, alihesabu kwamba anadai dhambi moja ndogo. Nusu saa baadaye simu ikalia tena. Vinny atakuja Jumamosi na elfu hamsini na mbili.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, neno la siri la kufungulia akaunti ya vyeti, nalo lilikuwa kichwani mwa Gibson. Na Gibson alikataa. Alikuwa amenunua kwa elfu saba. Kuuza kwa sita na nusu ni hasara ya mia tano kila kimoja, kumuuzia mshindani ni upumbavu, na kuuziwa na mke ni aibu. Biashara ni subira, alisema. Desemba bei itapanda, watu wanaogopa kompyuta zitaharibika mwaka elfu mbili ukiingia. Tecla akamkumbusha tarehe nane. Gibson akasema chuo kitaelewa. Chuo, alisema, kama vile ni binamu yake.

Tecla hakubishana. Alikwenda nyuma ya mlango, akachukua kikapu cha kuchumia, akakiweka mapajani mwa mumewe.

"Majani yamefika siku zake, lori linakuja Alhamisi," alisema. "Nambari ni yako. Kachume."

* * *

Gibson alidhani mkewe anatania. Jumatano asubuhi alisubiri asikie gamubuti za Tecla zikitoka. Zilikaa kimya ukumbini. Dorine naye alikaa, akishona kola iliyokuwa nzima. Chai haimngoji mtu: ukichelewa siku tatu chipukizi zinakomaa, na mwezi huo huna mshahara. Alhamisi, jua likiwa limeshachomoza, Gibson alivaa aproni ya plastiki juu ya shati la ofisini na kuingia shambani. Majirani walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwenye ua.

Saa tisa alifika kituoni na kikapu kimoja, kilo kumi na moja, akiwa wa mwisho kwenye foleni ya wanawake ishirini. Karani alikuwa Johana, kijana mpole aliyesoma darasa moja na Dorine. Alimimina majani mezani, akayatawanya kwa kiganja. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Gibson alikuwa ameleta majani manne, matano, vijiti, na kiota cha ndege.

"Mzee," Johana alisema kwa upole uliouma kuliko matusi, "hii nyingine ni kuni."

Wanawake hawakucheka mara moja. Walisubiri mpaka ageuke. Kilo tatu zilipokelewa. Nane alirudishiwa, na akazibeba mgongoni maili nzima, kwa sababu kuzitupa njiani kungekuwa kukiri.

Tecla alimwona akiingia uani, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, shati limechanika kwapani, uso wa mtu aliyepigwa bila kuguswa. Alikuwa ameandaa maneno makali matatu. Alipomwona hivyo akasikia huruma, na huruma ikamkasirisha zaidi. Alimletea maji ya kunawa na ndimu. Gibson alisugua vidole kwa muda mrefu, weusi ukakataa kutoka.

"Niliogopa kuonekana mjinga," alisema, akitazama beseni.

"Umeshaonekana," Tecla alijibu. "Sasa tupeleke mtoto shule."

Akalitoa neno la siri. Tecla alilirudia mara mbili ili lisimponyoke, kisha akampa taulo.

* * *

Vinny alikuja Jumamosi akiwa na miwani ya jua na pesa kwenye soksi. Aliketi mbele ya kompyuta ya Gibson, akavihamisha vile vyeti vinane kimoja kimoja, akahesabu noti elfu hamsini na mbili, akauliza kama yule mtu wa Kisumu ana hasira. Tecla akasema ana hasira sana. Elfu nne zilirudi kwa Pasta Mathew siku hiyo hiyo, mbele ya wazee wawili wa kanisa, na Tecla hakumwacha ashukuru kwa maombi marefu. Alisema ana safari.

Jumatatu saa nne walikuwa kwenye dirisha la karani wa fedha wa chuo, wazazi na binti yao, na sanduku la bati, na godoro la inchi nne lililofungwa kwa kamba ya katani. Foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja mbele yao aligeuzwa na elfu thelathini na mbili, akaondoka ameshika mkono wa binti yake. Tecla alizihesabu noti arobaini mara ya mwisho, akazipitisha chini ya kioo.

Karani alizihesabu tena kwa kidole kilicholowa mate. Akavuta kitabu cha risiti, akaandika jina la Dorine, kisha, bila kuinua macho, akauliza jina la baba.

"La nini?" Gibson aliuliza.

"Imeandikwa hapa, imepokelewa kutoka kwa nani. Tunaandika baba."

Gibson alitazama kitabu, akatazama kalamu iliyokuwa inangoja. Vidole vyake bado vilikuwa na weusi kwenye kucha.

"Andika Tecla Chelangat," alisema. "Jina lisipolingana na mwenye mali, mambo yanakuwa mabaya sana. Mimi najua."

Karani aliinua macho, akaona mzee hafanyi mchezo, akaandika. Dorine akatazama pembeni na kujifuta uso kwa ukosi wa sweta. Tecla aliipokea risiti, akalisoma jina lake polepole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Akaikunja, akaitia kifuani, akamgeukia mumewe.

"Shika hilo godoro vizuri," alisema, "linaburuta chini."